Moduli tatu, kila moja imethibitishwa, lakini zikiunganishwa modeli ya daladala inapotoka

Ubungo_Data

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaofanya uigaji wa mawakala wengi (modeli za kompyuta ambamo kila mhusika anajiamulia mwenyewe), hasa wanaochukua moduli za kazi nyingine na kuziunganisha.

Modeli ni ya njia moja ya daladala Dar es Salaam, vituo 18, kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Kila gari ni wakala, kila abiria ni wakala, na dereva na konda wake wanahesabiwa kama wakala mmoja. Hakuna moduli iliyoandikwa upya:

1) Mwendo wa magari ni SUMO (programu ya kuiga barabara), modeli ya Krauss (kanuni ya gari kulifuata la mbele kwa kasi salama), hatua ya sekunde 1. Vigezo vilirekebishwa kwa kumbukumbu za GPS za magari ya kawaida kwenye barabara hiyohiyo.

2) Abiria ni moduli ya Mesa (maktaba ya Python ya modeli za mawakala) iliyoandikwa kuiga foleni kwenye vituo vya mwendokasi. Hatua yake ni dakika 1.

3) Uamuzi wa dereva na konda (kusubiri, kuondoka, kupita kituo) umetoka kwenye modeli ya matatu za Nairobi. Vigezo vyake vilipatikana kwa kupima muda ambao gari linasimama kwenye steji.

Zinazungumza kupitia TraCI, kiolesura cha kuiendesha SUMO kutoka programu nyingine. Kila moja ina ripoti yake ya uthibitishaji, na msimbo unaenda bila kosa. Matokeo ya pamoja ndiyo yenye shida. Abiria wanasubiri muda mrefu kuliko vipimo vya barabarani, na magari yanakaa vituoni kupita kiasi. Pia nikibadilisha hatua ya SUMO kutoka sekunde 1 kwenda 0.1 bila kugusa kingine, msongamano unabadilika waziwazi. Nikipunguza kigezo cha subira ya konda, wastani wa kusubiri unalingana na data.

Maswali: (a) Je, naweza kusema modeli nzima ni halali kwa kuwa kila kipande ni halali? (b) Nianze kuchunguza wapi? (c) Je, kuchezea kigezo kimoja mpaka wastani ulingane kunakubalika?

---

foleni_na_takwimu

Mkuu, (a) ni hapana. Moduli haiwi halali hivihivi. Inakuwa halali kwa swali fulani, kwa masafa fulani ya pembejeo na kwa kipimo fulani cha muda. Bernard Zeigler aliliweka hili wazi tangu 1976 kwa dhana ya fremu ya majaribio, yaani masharti ambayo ndani yake modeli ililinganishwa na mfumo halisi. Ukiihamisha moduli nje ya fremu yake, ile ripoti inabaki kuwa ya mfumo mwingine. Baadaye Petty na Weisel, katika nadharia yao ya kuunganisha modeli, walionyesha kwamba modeli mbili halali zikiunganishwa hakuna uhakika kuwa muungano wao ni halali. Walitenganisha pia kuunganika kwa sintaksia (data zinapita, programu haivunjiki) na kuunganika kwa maana (zinapopita zinamaanisha kitu kilekile pande zote mbili). Wewe umeshapata ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo, andika fremu ya kila moduli kwa sentensi chache. Ukifanya hivyo, baadhi ya majibu yanajitokeza yenyewe. Moduli ya abiria: nauli imelipwa kabla ya kupanda, jukwaa liko usawa wa sakafu ya basi, milango ni zaidi ya mmoja. Daladala ina mlango mmoja, kuna ngazi, konda anadai nauli ndani, na anayeshuka anagongana na anayepanda. Muda wa kupanda kwa kila abiria hauwezi kuwa uleule. Moduli ya mwendo: magari ya kawaida, yanayofuata njia na yasiyosimama ovyo. Hakuna daladala hata moja kwenye data iliyorekebisha vigezo hivyo.

Sasa hatua ya muda, kwa sababu dalili uliyotaja inaelekeza huko moja kwa moja. Kuna mambo matatu tofauti yanayobadilika ukitoka sekunde 1 kwenda 0.1, na usiyachanganye.

La kwanza ni uwezekano uliowekwa kwa kila hatua. Tuseme uamuzi wa kuondoka kituoni una uwezekano wa 0.2 kwa hatua, na hatua ni sekunde 1. Ukiuacha 0.2 kwa hatua ya 0.1, ndani ya sekunde moja kura inapigwa mara kumi, na uwezekano wa kuondoka unakuwa 1 − 0.8^10 = 0.893. Thamani sahihi kwa hatua ya 0.1 ni 1 − 0.8^0.1 = 0.0221. Kugawa kwa kumi (0.02) ni karibu, lakini si sawa, na kosa linakua kadiri uwezekano wa awali unavyokuwa mkubwa. Pekua moduli ya Nairobi utafute kila mahali panapolinganisha namba nasibu na kigezo. Kila palipo na ulinganisho huo pana hatua ya muda iliyojificha.

La pili ni kelele ya Krauss. Kigezo sigma (0.5 usipokigusa) humpunguzia dereva kasi kwa kiasi nasibu kila hatua. Kwa accel (mchapuko) ya 2.6 m/s² na hatua ya sekunde 1, punguzo ni kati ya 0 na 1.3 m/s, wastani 0.65, mkengeuko wastani kama 0.375. Kwa hatua ya 0.1 unapata mapunguzo madogo kumi yasiyotegemeana. Jumla yake kwa sekunde ina wastani uleule wa 0.65, lakini mkengeuko unashuka hadi kama 0.119. Kelele imejisawazisha yenyewe, mtiririko umekuwa laini, na foleni za ghafla zimepungua bila wewe kubadilisha kigezo chochote. SUMO ina dawa ya hili: weka sigmaStep="1" kwenye vType (maelezo ya aina ya gari), ili kelele ibaki kwenye mdundo wa sekunde 1 uliotumika kurekebisha vigezo.

La tatu ni namna ya kujumlisha mwendo. Kwa chaguo la kawaida, SUMO inasogeza gari kwa kasi mpya mara muda wa hatua. Gari linaloanza kutoka sifuri kwa 2.6 m/s² (weka sigma sifuri ili uone vizuri) litakuwa limekwenda mita 39 baada ya sekunde 5 kwa hatua ya sekunde 1. Kwa hatua ya 0.1 ni mita 33.15. Jibu la fizikia ni mita 32.5, nalo ndilo utakalopata kwa hatua yoyote ukitumia `--step-method.ballistic`. Kwa gari linalosafiri mbali tofauti hii inamezwa. Kwa daladala inayosimama na kuondoka mara 18, inajirudia kila kituo.

Na kabla hujaamini chochote, tazama idadi ya "teleport" kwenye takwimu za SUMO. Gari lililokwama zaidi ya sekunde 300 huondolewa lilipo na kupelekwa mbele. Asubuhi yenye msongamano, hilo linafuta foleni ile unayotaka kuipima. Weka `--time-to-teleport -1` angalau wakati wa uchunguzi. Modeli ikiganda kabisa, umegundua kosa la mtandao au la taa ambalo lilikuwa limefichwa.

Vitu vidogo ambavyo watu husahau kwa miji yetu: mtandao ujengwe kwa `--lefthand`; basi la aina ya "bus" kwenye SUMO lina urefu wa mita 12, kwa hiyo Hiace au Coaster iandikiwe vipimo vyake; na kituo chenye parking="true" kinalitoa gari kwenye njia, wakati vituo vyetu vingi gari linasimama barabarani na walio nyuma wanasubiri. Kama bodaboda ni nyingi, modeli inayodhani upana wa njia unatosha chombo kimoja tu haitoshi. Washa `--lateral-resolution`, inayoruhusu vyombo kukaa ubavu kwa ubavu ndani ya njia (0.8 ni mwanzo mzuri), ukijua kwamba baada ya hapo vigezo vya mwendo virekebishwe upya.

---

Steji_Kuu

Salama. Mimi niseme juu ya moduli ya Nairobi, kwa sababu shida kubwa naona iko hapo, na sigma ije baadaye.

Umesema vigezo vyake vilipatikana kwa muda gari linaposimama kwenye steji. Muda huo una vitu vitatu ndani yake: muda wa kufungua na kufunga mlango, muda wa watu kupanda na kushuka, na muda wa makanga (konda wa Nairobi) kungoja abiria zaidi. Kwenye modeli yao ya awali hakukuwa na moduli ya abiria inayohesabu kupanda, kwa hiyo vyote vitatu viliingizwa kwenye kigezo kimoja kilichoitwa subira. Walikuwa sawa kabisa kufanya hivyo. Sasa wewe umeleta moduli ya Mesa inayohesabu kupanda peke yake. Muda wa kupanda unahesabiwa mara mbili, mara moja na Mesa na mara moja ndani ya subira. Ndiyo maana magari yanakaa vituoni kupita kiasi, na ndiyo maana ukipunguza subira wastani unarudi. Wastani unarudi kwa sababu umeondoa takriban kile ulichoongeza, lakini hujakiondoa mahali pake. Kwenye kituo wanapopanda watu wawili utakuwa umeondoa kingi mno, na wanapopanda kumi na tano utakuwa umeondoa kidogo.

Namna ya kurekebisha: chukua vipimo vya vituo vyako mwenyewe, siyo vya Nairobi. Kwa kila gari lililosimama andika sekunde za kusimama, waliopanda, walioshuka, na sekunde ambazo hakuna anayepanda wala kushuka huku gari bado limesimama. Kisha rejesheni rahisi, yaani kutafuta a, b na c zinazolingana vizuri zaidi na vipimo:

muda wa kusimama = a + b × waliopanda + c × walioshuka + kungoja

a, b na c ziende kwenye moduli ya abiria. Kungoja peke yake ndiko kuende kwa konda. Usimwache konda akiwa na hata sekunde moja ya kupandisha watu.

Jambo la pili ni maana ya "gari limejaa". Matatu ya abiria 14 ina kikomo kigumu: tangu kanuni za 2004 (zile tunazoita za Michuki) kila abiria anapaswa kuwa na kiti na mkanda, na modeli ile imeandikwa hivyo, ikifika 14 inaondoka. Kwa daladala za Dar watu wanasimama, isipokuwa pale "level siti" (hakuna wa kusimama) inapofuatwa. Konda wa Dar hafungi hesabu kwenye idadi ya viti. Anaangalia kama aliye mlangoni bado anaingia. Kigezo "nafasi" kwenye faili mbili kina jina moja na namba moja ila maana mbili, na kompyuta haiwezi kukuonya.

Jambo la tatu: pima moduli ya kusubiri kwenye steji ya mwanzo bila barabara kabisa. Kuna jibu la hisabati. Gari la viti n, abiria wanaofika kwa nasibu λ kwa dakika, gari linaondoka likijaa, na jingine linaanza kujaza hapohapo. Wastani wa kungoja wa abiria ni (n − 1) / 2λ. Kwa viti 14 na abiria 2 kwa dakika ni dakika 3.25. Kwa viti 30 ni 7.25. Endesha siku nyingi za uigaji. Kama hupati namba hizo ndani ya kosa la sampuli, usiunganishe kitu bado. Jaribio hili ni la dakika chache na linakamata makosa mengi sana ya hatua ya muda na ya mpangilio.

Kwa upande wa SUMO, triggered="person" (gari lisubiri mpaka mtu apande) pekee haitoshi kwa gari linalojaza ndipo liondoke. Lisimamishe kwa muda mrefu, soma `traci.vehicle.getPersonNumber` kila hatua, na ukifika uamuzi wa kuondoka tumia `traci.vehicle.resume`.

---

Nasibu

Naongeza mpangilio wa kuamsha mawakala na namba nasibu. Haya mawili hayaandikwi kwenye kiolesura cha moduli, na ndiyo yanayobadilika kimya mtu anapounganisha.

Nowak na May mwaka 1992 walionyesha ushirikiano ukidumu kwenye gridi ya mawakala wanaocheza mtanziko wa wafungwa (mchezo ambao kila mmoja anafaidi akimsaliti mwenzake, ingawa wote wangefaidi zaidi wakishirikiana), kwa michoro maarufu. Mwaka uliofuata Huberman na Glance walirudia kwa kanuni zilezile, ila mawakala wakisasishwa mmoja mmoja badala ya wote kwa pamoja, na kwa vigezo walivyojaribu ushirikiano ulitoweka. Baadaye ilionekana kwamba kwa masafa mengine ya vigezo ushirikiano hudumu hata bila usawazishaji, kwa hiyo jambo halikuwa limekufa, lakini dai la kwanza lilikuwa limefungwa kwenye chaguo la programu. Mfano mwingine ni wa Edmonds na Hales (2003) waliporudia modeli ya Riolo, Cohen na Axelrod ya 2001 kuhusu ushirikiano kati ya wanaofanana: kubadilisha ulinganisho kutoka "ndogo au sawa" kuwa "ndogo kuliko" kuliuporomosha ushirikiano. Alama moja ya msimbo.

Kwako hili linaonekana hivi. Magari mawili yamefika kituo kimoja ndani ya dakika moja ya Mesa. Nani anapewa abiria? Kama moduli inatumia `self.agents.do("step")` (au kwa matoleo ya zamani BaseScheduler), mpangilio ni ule wa kuongezwa, na gari lililozaliwa kwanza linashinda kila siku. Kwa `shuffle_do` (zamani RandomActivation) ni bahati nasibu. Ukiitumia SimultaneousActivation ya matoleo ya zamani, wote wanaona abiria walewale na kuna hatari ya abiria mmoja kupanda magari mawili. Barabarani aliyefika sekunde kumi mapema ndiye aliyeanza kujaza, kwa hiyo hakuna hata mojawapo iliyo sahihi kwa daladala. Uamuzi huo uondolewe Mesa. Panga kwa muda halisi wa kufika kutoka SUMO. NetLogo, programu nyingine ya modeli za mawakala, nayo huchanganya mpangilio kila `ask`, kwa hiyo mtu anayehamisha moduli kutoka NetLogo kwenda Mesa kwa kutumia `do` tayari amebadilisha modeli.

Dakika 1 ya Mesa ina kosa lingine linalohesabika kabisa. Abiria wote wa dakika wakizaliwa mwanzo wa dakika, kila mmoja kwa wastani amefika sekunde 30 kabla ya wakati wake, na muda wa kusubiri unavimba kwa sekunde 30. Kwa njia yenye gari kila dakika 3, ambapo wastani wa kusubiri ungekuwa sekunde 90, hilo ni theluthi nzima. Ni nafuu kurekebisha: mpe kila abiria sekunde yake ya kufika ndani ya dakika (nasibu kati ya 0 na 60), na gari lichukue wale tu ambao sekunde yao imeshapita.

Mbegu, yaani namba inayoanzisha mlolongo wa namba nasibu. SUMO usipoipa `--seed` inatumia 23423 kila mara. Watu huendesha marudio 50 wakibadilisha mbegu ya Mesa pekee, na barabara inakuwa ileile mara 50. Kisha wanashangaa kwa nini vipindi vya uhakika ni vyembamba. Toa mbegu kwa moduli zote kutoka chanzo kimoja. `SeedSequence(n).spawn(3)` ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) inakupa vijito vitatu visivyoingiliana: kimoja barabara, kimoja abiria, kimoja konda. Faida ya pili ni kubwa zaidi: ukibadilisha moduli ya konda, abiria walewale wanafika sekunde zilezile, na tofauti unayoiona ni ya konda. Moduli zikichota kijito kimoja, konda akiuliza namba moja zaidi, abiria wote wa siku wanabadilika.

Kwa maoni yangu moduli ya abiria iandikwe upya. Ukishaondoa milango, jukwaa, hatua ya dakika na mpangilio, kilichobaki cha kutumia tena ni kidogo.

---

Ubungo_Data

Asanteni sana wakuu. Nimeona subira ya Nairobi kweli ina muda wa kupanda ndani yake, na SUMO haikupewa mbegu. Mawili yamebaki. Kuhusu (c), nikishatenganisha muda wa kusimama bado kutakuwa na vigezo viwili au vitatu bila data ya moja kwa moja, kwa mfano konda anavumilia kiasi gani akiona gari jingine nyuma. Hivyo lazima virekebishwe kwenye modeli nzima. Je, ni kosa? Na je, kweli niandike moduli ya abiria upya?

---

Steji_Kuu

Kwa moduli ya abiria mimi sikubaliani na Nasibu. Kuandika upya hakukupi uhalali. Kunakupa moduli mpya ambayo haijapimwa popote. Ile ya mwendokasi ina sehemu nzuri zilizopimwa: namna abiria wanavyofika kulingana na saa, wanakoelekea, na anayekata tamaa akaondoka. Bakisha hizo. Toa sehemu ya kupanda na sehemu ya kugawa abiria kwa magari, ziwe faili ndogo mbili mpya zenye majaribio yake. Mpaka wa moduli ya zamani ulichorwa kwa ajili ya mwendokasi. Wewe chora mpaka mwingine.

Hata hivyo hiyo ya kukata tamaa iangalie vizuri. Anayekosa mwendokasi anaweza kwenda daladala. Anayekosa daladala ana bodaboda, au anangoja. Kanuni inabaki, namba zinabadilika.

---

foleni_na_takwimu

Niko na Steji_Kuu hapo, kwa sharti moja: sehemu zinazobakizwa zipitishwe kwanza kwenye jaribio la ulinganifu. Endesha moduli ya zamani nzima na ile iliyokatwa kwa pembejeo za mwendokasi, matokeo yalingane. Axtell, Axelrod, Epstein na Cohen (1996) walipolinganisha modeli ya utamaduni ya Axelrod na ile ya Sugarscape (modeli ya mawakala ya Epstein na Axtell) walitofautisha viwango vitatu: namba zilezile, migawanyo isiyotofautishika kitakwimu, na uhusiano uleule kati ya vigezo na matokeo. Ukikata moduli bila kubadilisha mantiki na ukatumia mbegu ileile, dai kiwango cha kwanza, namba kwa namba. Ukibadilisha mpangilio au hatua ya muda, dai cha pili. Cha tatu pekee ni kidogo mno kwa moduli unayosema umeitumia tena.

Sasa (c). Kurekebisha vigezo kwenye modeli nzima si kosa, ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni makosa kufidiana, na umeshauona: kosa la kuhesabu kupanda mara mbili lilifunikwa na subira fupi, na wastani ukatoka mzuri. Kipimo kimoja hakiwezi kukamata hilo kamwe. Tumia mifumo kadhaa ya matokeo kwa pamoja, kama Grimm na wenzake walivyopendekeza 2005 kwa modeli za ikolojia. Kwa daladala ningechagua hii:

– mgawanyo wa mapengo ya muda kati ya gari na gari, kwenye kituo cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho, kila kimoja peke yake;
– idadi ya abiria ndani ya gari kati ya kituo na kituo;
– sehemu ya abiria wanaoachwa kwa sababu gari limejaa;
– muda wa kusimama ukilinganishwa na waliopanda.

Kwenye mapengo kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Newell na Potts walieleza tangu 1964 kwa nini mabasi hukusanyika: gari likichelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi, linachelewa zaidi, na la nyuma yake linakuta wachache na kulikaribia. Kwa hiyo mtawanyiko wa mapengo unapaswa kukua kituo hadi kituo. Modeli yako ikitoa mtawanyiko uleule kituo cha 2 na cha 17, basi kitanzi kati ya moduli ya abiria na ya magari kimekatika mahali, hata kama kila wastani ni sahihi. Mara nyingi sababu ni taarifa iliyochelewa: konda anasoma idadi ya abiria ya dakika iliyopita.

Kuna uhusiano wa kukagua hapohapo. Abiria wakifika kwa nasibu na hakuna anayeachwa, wastani wa kusubiri ni nusu ya wastani wa pengo mara (1 + CV²), ambapo CV ni mkengeuko wastani wa mapengo ukigawanywa kwa wastani wake. Pengo la dakika 6 lililo sawasawa linatoa dakika 3. CV ya 0.5 inatoa 3.75. CV ya 1 inatoa 6. Chukua mapengo ambayo modeli yako imeyatoa, kokotoa kwa mkono, linganisha na muda wa kusubiri ambao moduli ya abiria imeripoti. Hapo huhitaji data ya barabarani. Unapima kiungo kati ya moduli mbili peke yake.

Mtego wa pili ni kuthibitisha kwa data ileile uliyorekebishia. Rekebisha kwa siku za kawaida za shule, kisha bila kugusa kigezo jaribu siku za likizo au asubuhi za mvua. Asubuhi ya mvua ni kali kwa sababu inasukuma moduli zote tatu: magari yanapunguza mwendo, abiria wanafika tofauti, konda anajaza kwa namna nyingine. Kama unabadilisha kasi ya magari na wingi wa abiria kwa vipimo vya mvua na matokeo mengine yanafuata, una hoja. Kama lazima uguse na subira ya konda, ile kanuni ya konda haijashika kinachomwongoza.

---

Nasibu

Nakubali kuhusu kukata moduli badala ya kuandika upya, mradi jaribio la ulinganifu lifanyike kabla ya kubadilisha chochote; baada ya hapo huwezi tena kujua tofauti imetoka wapi.

Mpangilio wa kazi ningeuweka hivi. Kwanza mbegu na vijito. Pili kila moduli peke yake dhidi ya jibu la hisabati. Tatu unganisha mbili mbili huku ya tatu ikiwa bandia: konda na abiria bila barabara (gari linasafiri kwa dakika zisizobadilika), kisha barabara na konda na abiria wa kudumu, kisha barabara na abiria na konda anayeondoka baada ya sekunde 20 kila mara. Nne, unganisha zote tatu. Katika kila hatua punguza hatua ya muda kwa nusu, na tena kwa nusu. Matokeo yasipotulia, simama hapo usiendelee. Kwa kulinganisha endesha marudio 30 au zaidi kwa mbegu za pamoja, na ripoti mgawanyo, siyo wastani pekee.

Kagua pia uhifadhi wa idadi kila hatua: waliozaliwa = wanaosubiri + waliomo garini + waliofika + waliokata tamaa. Iandike kama sharti linalosimamisha programu likivunjika. Inapovunjika huwa ni kwenye mpito kati ya Mesa na TraCI: abiria ametolewa foleni upande mmoja kabla upande wa pili haujampokea.

---

Ubungo_Data

Imeeleweka. Swali la mwisho: mtu mwingine akitaka kutumia moduli hii ya konda baada yangu, niandike nini ili asiingie kwenye shimo hilihili? Nina maelezo ya ODD tayari (muundo uliozoeleka wa kueleza modeli za mawakala).

---

Steji_Kuu

ODD iko sawa kwa modeli nzima, ila inaeleza modeli inafanya nini. Haisemi kila moduli ilipimwa chini ya masharti gani. Weka ukurasa mmoja kando ya msimbo wa moduli, wenye haya: hatua ya muda iliyotumika kurekebisha, na kila uwezekano umeandikwa kwa sekunde, siyo kwa hatua. Mpangilio wa kuamsha mawakala unaotegemewa. Kila kigezo kina nini ndani yake na hakina nini, kwa mfano "subira: sekunde ambazo hakuna anayepanda wala kushuka; haina muda wa kupanda". Maana ya gari kujaa, na kama wa kusimama wamo. Masafa ya data: mji, saa, ukubwa wa gari, msimu. Kwa Dar ongeza kama gari linapeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye gari au dereva ana mshahara, maana hilo ndilo linaamua konda angoje au aondoke, na moduli iliyopimwa kwa wa hesabu haifai kwa wa mshahara. Kisha majaribio mawili au matatu yenye majibu ya namba, kama lile la dakika 3.25, yanayoendeshwa yenyewe kila mtu anapopakua msimbo.

Na weka ukaguzi ndani ya msimbo: moduli ikipewa hatua ya muda au ukubwa wa gari ulio nje ya masafa yaliyopimwa, itoe onyo kwenye faili la matokeo lenyewe, siyo kwenye skrini. Onyo la skrini halionekani mtu akiendesha marudio 50 usiku.